"Do": kitenzi kidogo kilichonikosesha kazi



Mwaka niliomaliza lisansi yangu ya historia, kampuni moja ya hapa Lubumbashi, jina lake naliacha, iliniita kwa mtihani wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kati ya kampuni na vijiji, kusikiliza watu, halafu kuandika ripoti kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kifaransa kilipita vizuri. Kisha mzungu mmoja akanipa ukurasa wa Kiingereza, niusome na niueleze. Kwenye mstari wa tatu nikakutana na neno ambalo sijawahi kuliona. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejiamini: "What means this word?"

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Mmoja akamtazama mwenzake. Yule mzungu akarudilia maneno yangu polepole, anatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kazi sikuipata.

Nilipotoka, mama mmoja wa biro aliyekuwa amesikia yote kupitia mlango akanifuata kwenye koridoo. Akanisemesha kwa huruma: "Mudogo, ulisahabu 'do'." Nikamuuliza: "Yaya, hii 'do' iko na kazi gani? Haina maana yoyote pale." Akacheka. "Siyue. Ni vile banasemaka."

Ni vile wanasemaga. Jibu la kweli kabisa, lakini kwa mtu aliyesoma historia halitoshi. Kitu ambacho "ni vile" leo, jana hakikuwa vile. Nikaanza kutafuta. Nilichokikuta kilinichekesha, halafu kikanikasirisha kidogo: ile sentensi yangu iliyowafanya watabasamu, mwaka 1500 mjini London isingemshangaza mtu yeyote. Ilikuwa Kiingereza safi.

Tuanze mbali. Watu waliovuka bahari kutoka upande wa Ujerumani na Denmark ya leo wakaingia Uingereza, kuanzia karne ya 5, walikuja na kitenzi walichokiita "dōn". Ndugu zake wako hai mpaka leo: Wajerumani wanasema "tun", Waholanzi na Waflama wanasema "doen". Kwa hiyo hata wale Wabelgiji waliokuja huku kwetu, wengi wao walikuwa nalo mdomoni, ingawa sisi walitufundisha Kifaransa. Na hapa kuna jambo moja linalowashangaza wengi: "do" ya Kiingereza na "faire" ya Kifaransa ni mtu na binamu yake. "Faire" imetoka kwa Kilatini "facere", na wataalamu wa lugha wanarudisha "facere" na "do" zote mbili kwenye mzizi mmoja wa zamani sana, ambao maana yake ilikuwa kuweka. Si kufanya. Kuweka.

Ukijua hivyo, vitu vingi vinafunguka. Kuvaa kofia Waingereza wa zamani walisema "do on", yaani iweke juu, ikakazana ikawa "don". Kuivua ilikuwa "do off", ikawa "doff". Neno "deed", tendo, ni lile lile: kilichowekwa. "Doom", ambalo leo ni maangamizi, zamani lilikuwa hukumu au sheria, kitu kilichowekwa na wakubwa. Ndiyo maana kile kitabu kikubwa cha mwaka 1086, ambamo mfalme William aliamuru kuandika mashamba, ng'ombe na watu wa nchi aliyoiteka, watu walikiita Domesday, siku ya hukumu, kwa kuwa kilichoandikwa mule hakikuwa na rufaa. Sisi wa Katanga, ambao mababu zetu waliandikwa pia kwenye madaftari na wageni, tunaelewa haraka lile jina.

Kwa muda huo wote "do" ilikuwa kitenzi kizima, chenye nyama. Ilikuwa kuweka, ilikuwa kufanya, na ilikuwa pia kusababisha mwingine afanye. Ni hii maana ya tatu iliyoleta mambo yote.

Fikiria sentensi kama "the king did build a castle". Kwa Kiingereza cha karne ya 13 ao ya 14 maana yake ingeweza kuwa: mfalme alijengesha ngome. Sisi tunatumia ule mkia wa "-esha" na mambo yamekwisha. Mfaransa anasema "il fit construire", na "faire" yake inafanya kazi ileile. Sasa jiulizeni: mtu akisikia kwamba mfalme alijenga ngome, kuna yeyote anayefikiri kwamba mfalme mwenyewe alibeba mawe? Hakuna. "Alijenga" na "alijengesha", kwa mfalme, ni kitu kimoja. Basi masikio ya watu yakaanza kusikia "did build" kama "built" tu. Na "do" ikabaki pale, imesimama katikati ya sentensi bila kazi, kama mgeni aliyekwisha kula na haondoki.

Maelezo haya nimeyatoa kwa Alvar Ellegård, Mswidi aliyetoa mwaka 1953 kitabu kizima juu ya hiki kitenzi kimoja. Alipitia maandishi mengi sana kuanzia mwisho wa karne ya 14 mpaka mwanzo wa karne ya 18, akahesabu sentensi moja moja, wakati ambapo ordinateri hazikuwa kwenye meza za watu. Wako wengine wasiokubaliana naye. John McWhorter, Mmarekani, anasema tutazame watu waliokuwa Uingereza kabla ya wale wageni kufika, yaani Wawelshi na Wakornwall, kwa sababu lugha zao nazo zinatumia kitenzi cha "kufanya" kama msaidizi. Waingereza, kwa maelezo yake, waliiga kutoka kwa watu waliowashinda. Mabishano yanaendelea. Mimi naona njia mbili zinaweza kukutana: mbegu ilikuwa ndani ya Kiingereza, na jirani akaimwagilia maji. Tena ni huko kusini-magharibi ya Uingereza, karibu na hao majirani, ndiko ile "do" tupu ilianza kuonekana mapema kwenye maandishi. Ila tusisahau kwamba hata Ujerumani watu wa kawaida wanatumia "tun" namna hiyohiyo, na walimu wao wanawakataza.

Labda mtu atasema: lugha gani hii inayobeba neno lisilo na maana? Ndugu yangu, angalia kwanza mdomo wako. Unapiga simu, unapiga picha, unapiga pasi, unapiga magoti kanisani. Nani amepigwa hapo? Hakuna. "Piga" imeacha ngumi yake nyumbani na imekuja kusaidia tu. Na si "piga" peke yake. Ile "-ta-" ya "nitakwenda" ni "taka" iliyokatwa mguu: nataka kwenda, mwishowe nitakwenda. Waingereza walifanya vilevile na "will" yao, ambayo zamani ilikuwa kutaka. Na hii yetu ya kusema "nilisha kula"? Ni "kwisha". Wenzetu wa pwani wanatucheka tukisema "nilisha", halafu wao wenyewe wanaandika "nimeshakula" kwenye vitabu vya shule, na ile "-sha-" ni "kwisha" ileile iliyovaa shati safi. Kitenzi kinatumika sana, kinachakaa, kinapoteza maana, kinageuka chombo cha sarufi. Ndivyo lugha zote zinavyotengeneza vyombo vyao.

Swali la historia ni hili: "do" ilikuwa imechakaa, sawa, lakini kwa nini haikutupwa? Kwa nini ilipewa maulizo na makatazo, ikakaa humo mpaka leo?

Kiingereza cha kwanza kilikuwa na mikia kwenye majina, kama Kilatini. Ule mkia ulikuonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066 na kadiri karne zilivyopita, ile mikia ilikuwa imekatika karibu yote. Kilichobaki kuonyesha mtendaji ni nafasi: anayetenda mbele, kitenzi katikati, anayetendwa nyuma. Sasa, njia ya zamani ya kuuliza ilikuwa kugeuza, kama Kifaransa "savez-vous". Walisema "know you". Kwa maneno mafupi haina shida. Lakini jaribu na majina mawili: "Loves Peter Mary?" Nani anampenda nani? Maneno yote yamerundikana nyuma ya kitenzi, na hakuna mkia wa kukusaidia. Hapo ile "do" iliyokuwa imekaa bila kazi ikapata kazi: "Does Peter love Mary?" Inabeba wakati, inabeba swali, na inaacha Peter mbele ya kitenzi na Mary nyuma yake, kila mtu kwenye kiti chake. Kwenye kukana ni vilevile. Badala ya "Peter loves not Mary" ukapata "Peter does not love Mary", na "love" haikutenganishwa na Mary wake.

Sisi hatukuhitaji msaada huo. "Petro anampenda Maria?" Kila jina linabaki kwenye kiti chake, na tukitaka kukana tunabadilisha mbele na nyuma ya kitenzi, tunasema "hampendi". Neno moja. Nilipoelewa hivyo, nilielewa pia kwa nini ile "do" inatutoroka wakati wa kusema: kwenye Kiswahili hakuna kiti chake, na kwenye Kifaransa hakuna kiti chake. Mtu anayetoka kwenye hizi lugha mbili anaingia Kiingereza akiwa na akili za mtu wa London wa mwaka 1500.

Karne ya 16 ndiyo ilikuwa vurugu kamili. Mtu huyohuyo, kwenye barua ileile, angeandika mara na "do" mara bila "do". Ukimsoma Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, utakuta njia zote mbili zinaishi nyumba moja, na yeye anachagua kadiri mdundo wa mstari unavyotaka. Tena watu walikuwa wanaiweka hata kwenye sentensi za kawaida zisizouliza wala kukana: "I do go", "he did eat", bila kusisitiza chochote. Kama ungekuwa mtu wa kubeti wakati ule, ungesema "do" itaingia kila sentensi ya Kiingereza. Lakini haikuwa hivyo. Kwenye maulizo na kukana ilizidi kupanda, na kwenye sentensi za kawaida ikaanza kushuka, kwa sababu pale kila neno lilikuwa tayari kwenye kiti chake na msaidizi hakuwa na la kusaidia. Leo ukisema "I do go" mtu anaelewa kwamba unabishana naye.

Biblia ya mfalme James ilitoka mwaka 1611, katikati ya mambo hayo. Ilikuwa imefuata kwa sehemu kubwa tafsiri za kabla yake, hasa ya William Tyndale ambaye Agano Jipya lake lilichapishwa mwaka 1526. Kwa hiyo siku ilipotoka lugha yake ilikuwa imeshazeeka kidogo. Kukana humo mara nyingi ni "not" tu inayofuata kitenzi, bila "do". Na Waingereza walisikia lugha hiyo kila Jumapili kwa karne tatu. Wamisionari wa Kiprotestanti waliofika kwetu, kama Frederick Stanley Arnot aliyeingia Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886, walitoka kwenye nchi ambamo kanisani mtu alisikia sarufi ya zamani na sokoni alisikia sarufi mpya, na hakuna aliyecheka. Kosa lenye kutoka madhabahuni haliitwi kosa.

Karne ya 18 ndipo wakaja watu wa kusahihisha. Mwaka 1711 mshairi Alexander Pope, kijana ambaye hajafika miaka 25, aliwacheka washairi waliokuwa wanaingiza "do" tupu ili mstari ujae, na aliwacheka kwa mstari ambao yeye mwenyewe aliingiza hiyo "do". Samuel Johnson, kwenye kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, akaandika kwamba "I do love" ya bure bure ni tabia mbaya ya kusema. Ndivyo kanuni inavyozaliwa: kwanza watu wanasema bila kuuliza ruhusa, vizazi kadhaa, halafu mtu mwenye kalamu anakuja kutia sahihi na kuita wengine wajinga.

Na ujinga huo unabadilisha mahali pa kukaa. Chukua "he don't". Leo mwalimu akiisikia anashika kichwa. Kumbe kwenye karne ya 18 na 19 mabwana wa mashamba makubwa ya Uingereza, watu wenye farasi na watumishi, walikuwa wanaisema mezani bila aibu. Baadaye shule zikaenea, kanuni ikakazwa, na "he don't" ikaachiwa watu wa chini. Sentensi haikubadilika hata herufi. Aliyebadilika ni yule anayeisema. Kadhalika wanakijiji wa kusini-magharibi, kule kule "do" ilikoanzia, waliendelea kusema "I do go" kwa mambo ya kila siku, na watu wa mjini wakawafanyia vichekesho. Watu ambao pengine ndio waliowapa Waingereza hiki chombo wakawa ndio wanaochekwa kwa kukitumia.

Tusidanganyane lakini. Sisemi tuende kwenye mitihani ya kazi na Kiingereza cha mwaka 1500 halafu tudai haki ya Shakespeare. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinazidi kuingia kwenye dosiye za kazi, na yule wa upande wa pili wa meza hatakuuliza juu ya Tyndale. Mimi nilirudi nikajifunza ile "do" mpaka inatoka usingizini. Lakini nilijifunza nikijua ni kitu gani: chombo walichookota watu wa kawaida, wengi wao hawajui kusoma, kwa kuwa sentensi zao zilikuwa zimeanza kugongana. Nilipoacha kuiona kama siri ya wazungu wenye akili, ikaingia kichwani kwa wiki mbili. Miaka yote ya shule ilikuwa imekataa.

Sasa jioni, siku mbili kwa juma, ninasaidia kikundi cha wanafunzi wa kata yetu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza ninaandika ubaoni "What means this word?" na pembeni yake 1500. Chini ninaandika "What does this word mean?" na ninaweka mwaka wa leo. Mwezi uliopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza akainua mkono: "Mwalimu, basi hii ya chini nayo itabadilika lini?"

Nikamwambia ilikuwa bado inabadilika juzi juzi. Kitenzi "have", kuwa na, kilikataa "do" kwa muda mrefu kuliko karibu vingine vyote. Waingereza wa wakati wa bibi zetu waliuliza "Have you any money?", Wamarekani wakawa wanauliza "Do you have any money?", na ni katika karne ya 20 tu ndipo Waingereza wenyewe walianza kuwafuata. Wazee wachache bado wanashikilia ile ya zamani. Kilichobaki nje kabisa ni "be" na wale wasaidizi wenzake kama "can" na "must".

Akaandika kwenye daftari. Halafu akauliza kama kwenye mtihani wa kazi mtu akisema "Have you any money?" atachekwa. Nikamjibu kwamba hapana, watafikiri alisoma shule ya gharama.

Darasa lilicheka sana, na tukaendelea na zoezi.